Jicho la Kushoto na Meza ya Mama Nabwile

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kitale.

Simu kutoka Kanduyi. Mama Nabwile anafunga ukumbi wake. Wanawe wanataka kujenga nyumba za kupangisha pale pale tulipochezea pool ujana wetu wote. Sauti imezeeka lakini bado inaamuru. Vijana wake wa zamani waje Jumamosi, wacheze, na atakayeshinda abebe meza. Vijana! Nina mvi hadi kwenye nyusi.

Nimeitaka meza hiyo papo hapo. Nilifika Kanduyi kusomea dawa za mifugo, mara yangu ya kwanza kulala mbali na nyumbani, mtoto wa Kikuyu asiyejua hata kusalimu watu kwa Kibukusu. Marafiki niliwapata kwenye meza ile. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa dirisha, na kitambaa kilikuwa na mshono wa uzi mweusi pale mwenzetu Kipngeno alipokichana. Mvua ikipiga mabati hatukusikiana, tukawa tunagombana kwa mikono. Mama Nabwile alituletea mahindi ya kuchemsha ndani ya sufuria moja. Mahindi ya siku hizi hayana ladha ile. Mbolea yake naiuza mwenyewe dukani, najua.

Tatizo ni moja: Wekoye. Sikuwahi kumshinda. Kabla ya kupiga aliinamisha kichwa upande, kama kuku anayetega sikio. Madaha matupu. Na mpira unaingia.

Wangechi, mke wangu, ameuliza meza itakaa wapi. Stoo, nimemwambia. Akauliza chakula cha kuku kilichojaa stoo nacho kitakaa wapi. Nimejifanya simu inalia.

Jumanne, 5 Agosti.

Ugunduzi mkubwa. Kumbe kila mtu ana jicho kuu, kama vile ana mkono wa kuandikia. Nimeona kwenye video, kwenye simu. Unanyoosha mikono, unaacha tundu dogo kati ya viganja, unatazama kitu cha mbali kupitia hapo. Kisha unafumba jicho moja moja. Lile linalobaki na kile kitu ndilo kuu.

Nimetoka nje, nikatazama tangi la maji la jirani yangu Ndirangu. Nikifumba jicho la kushoto, tangi linatoweka. Nikifumba la kulia, lipo. Tena linavuja, lakini hilo simwambii.

Jicho langu kuu ni la kushoto! Na mimi, kwa sababu napigia mkono wa kulia, nimekuwa nikiweka fimbo chini ya jicho la kulia tangu ujana. Naona mstari umenyooka, kumbe umepinda. Kwa hiyo sikuwa mchezaji mbovu. Kichwa changu kilikaa pabaya tu. Vicheko vyote vile vya Kanduyi, vilikuwa kosa la jicho.

Nimemweleza Wangechi. Akasema hata kwenye picha ya harusi yetu namtazama mtu aliyesimama kando ya mpiga picha.

Jumatano, 6 Agosti.

Mazoezi kwa Ndirangu. Ana bucha na nyuma yake meza ya pool, na anajiona mfalme wa vyote viwili. Nikasogeza kichwa kulia ili jicho la kushoto likae juu ya fimbo. Pigo la kwanza likaingia safi, kama maji kwenye mfereji. La pili likaenda kando. La tatu likaruka nje na kugonga mizani.

Kichwa ni kama ng'ombe mzee. Unakihamisha, kinarudi kulala pale pale kilipozoea. Ndirangu akawaambia wateja kwamba nanusa fimbo kama imeoza. Watu wakacheka na nyama zao mkononi.

Nimetembea nyumbani kwa hasira. Na hasira ndiyo mama wa akili. Jicho la kulia likifunikwa, kichwa kitarudi huko kufuata nini?

Ijumaa, 8 Agosti.

Bandeji nimetoa dukani kwangu, ile ya kufungia miguu ya ndama. Inashika vizuri. Nimejaribu fimbo ya ufagio juu ya meza ya chakula nikalenga kitunguu. Kimeenda nilikotaka, mara zote. Ajabu kabisa!

Lakini Wekoye akijua siri hii atapima macho yake na yeye, na hapo nitakuwa nimemwongezea mkuki simba. Basi nitasema naugua. Nitasema daktari amekata tamaa, jicho la kulia halitarudi. Wangechi amesema macho si kitu cha mzaha. Nimemwambia huu si mzaha, ni mbinu. Akaenda kuchambua mboga bila kuongeza neno. Hiyo si dalili nzuri kwake kamwe.

Jumamosi, 9 Agosti. Kanduyi.

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya ukumbi. 

Nilifikiri nitakuta umati. Barabara yote kutoka Kiminini nilikuwa nikipanga nitakavyowapungia mkono. Nikakuta watu wawili: Mama Nabwile kwenye kiti chake, shuka magotini, na Wekoye akifuta vumbi kwenye meza. Wengine waliomba radhi kwa simu. Kipngeno yuko mbali kikazi. Wengine Mama alitaja majina yao taratibu, na baada ya kila jina akasema, "Huyo naye alitutoka." Sikujua hata nusu ya vifo hivyo.

Mshono wa uzi mweusi upo. Chaki bado inakaa kwenye kopo la maziwa. Nilishika ukingo wa meza.

Wekoye amekonda. Ametoka shambani kwake Bokoli na gamba la muwa bado limemganda kwenye sweta. Mji wetu anauita Kitare, mpaka leo. Alipoona bandeji aliacha kufuta vumbi. Nikampa hadithi yote, ya daktari na ya kukata tamaa. Niliieleza vizuri mno. Mama Nabwile aliinamisha kichwa akaniombea palepale. Nilisema amina, ningefanya nini?

Kisha Wekoye akanishika kiwiko, akanipeleka dirishani.

"Ngige, mimi hili la kulia halionangi," akasema. "Tangu nikiwa mtoto. Jani la muwa lilinikata. Sikuwaambia nyinyi, mngenihurumia, na mtu akikuhurumia hachezi na wewe kwa nguvu."

 Kile kichwa cha kuku. Kumbe alikuwa anatafuta jicho lake. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwigiza mbele ya wote, na yeye alicheka nasi.

Akanifundisha. Mimi, adui yake! Akanisimamisha mbele ya meza, akanishika kidevu kama mtu anayenyoa mtoto. Usisogeze jicho, alinieleza, sogeza kichwa chote, fimbo ipite chini ya jicho linaloona, kisha kitulie hapo mpaka mpira ufike. Alinirudisha kila nilipoteleza. Hakuchoka. Mvua ikaanza kupiga mabati, akaendelea kunionyesha kwa mikono, na kwa kitambo nilikuwa tena yule kijana mgeni ambaye hakujua kusalimu.

Tukacheza. Sijawahi kucheza vile. Mipira iliniheshimu. Mama Nabwile aligonga mkongojo sakafuni kwa kila uliozama. Ukabaki mpira mweusi, wa mwisho, karibu na shimo la kona, njia wazi. Mtoto angeutia. Nikainama. Kichwa mahali pake. Jicho mahali pake. Na hapo lile jicho la chini ya bandeji, lile zima, likaanza kulia lenyewe. Machozi yakapita pembeni, yakaanguka kwenye fimbo.

Nikakosa.

Wekoye akautia mweusi bila kelele. Akauweka upesi, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Kisha akamwambia Mama Nabwile meza iende Kitare. Yeye alikwisha kuzoea jicho moja, akasema, lakini mwenzake ndiyo kwanza anaanza, atahitaji mahali pa kujifunzia. Mama akakubali.

Nilifungua mdomo niseme. Mama Nabwile alikuwa akifuta macho. Nikaufunga.

Jumanne, 12 Agosti. Kitale.

Meza imefika kwa lori la mahindi. Chakula cha kuku kimehamia sebuleni. Mchana Wangechi anayapa mgongo magunia hayo, na usiku ananipa mimi.

Nimeitoa bandeji. Nimecheza peke yangu mchana kutwa na macho yote mawili, kichwa pale Wekoye alipokiweka. Mipira inaingia. Kila ikiingia nasikia vibaya. Ndirangu amechungulia dirishani, akauliza ninachezea jikoni au stoo. Nimemfungia dirisha, na hata hilo halikunifurahisha.

Alhamisi, 14 Agosti.

Leo Wangechi amesema. Alimpigia Wekoye kumshukuru kwa meza, na alitaka kumweleza ukweli, maana yeye hawezi kulala na uongo wa mtu mwingine. Wekoye akamkatiza. Alijua tangu Jumamosi. Kabla hajanipeleka dirishani, Mama Nabwile alitutolea chai, na mimi ndiye niliyemimina, vikombe vyote, nikichungulia chini ya bandeji, hadi ukingoni, bila kumwaga tone. Mtu aliyefungwa jicho jana hawezi. Yeye mwenyewe utotoni alimwagia meza ya mamaye chai kwa miezi.

Nilimuuliza Wangechi kwa nini basi Wekoye alinipa meza. Na kwa nini alinipa siri yake.

"Alisema hujawahi kumtembelea tangu mmalize chuo," akajibu. "Alisema kama ulijisumbua kujifunga bandeji ya ng'ombe ili uje, basi ulimkumbuka."

Nimekaa stoo muda mrefu, mkono juu ya mshono. Wekoye alimwambia Wangechi asinieleze, ili nisione haya. Atakuja Jumapili baada ya ibada, tucheze. Ni mtu mwema kuliko wote ninaowajua. Nimeamua kabisa. Atakapoingia tu mlangoni, nitamshika mkono na kumwambia wazi.

Jumamosi, 16 Agosti.

Nimefikiri upya. Mtu hawezi kuwa na hakika kwa sababu ya chai tu. Anashuku, basi. Na shaka huondolewa.

Tangu asubuhi nimejifunga bandeji mpya, najifunza kumimina. Si rahisi kama watu wanavyodhani, ukizidisha inaonekana makusudi. Matone mawili kwenye sahani, moja kwenye kitambaa. Wangechi amechukua birika la wageni akalificha. Natumia sufuria.