Dirisha la Miguu

Idara ya Uthibitisho wa Ulemavu ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba ulemavu nchini umepungua kwa kasi ambayo hata madaktari hawakuitarajia. Mafanikio hayo, lilisema tangazo lililobandikwa mlangoni, hayakutokana na dawa wala upasuaji. Yalitokana na Idara kuhamia ghorofa ya nne.

Tangu ihamie huko, waombaji wa posho walikuwa wa aina mbili tu. Kulikuwa na waliofika juu, ambao kwa kufika kwao walithibitisha kwamba ni wazima. Na kulikuwa na wasiofika, ambao majalada yao yaliandikwa: "Hakujitokeza. Mzima mwenye shughuli nyingine." Lifti ilikuwepo, tena nzima kabisa, ila ilijazwa majalada mpaka darini. Idara iliona si haki jalada lipande ngazi.

Mama Pindo, fundi cherehani, aliamua kuwa miongoni mwa watakaofika. Miguu yake ilikufa ganzi siku lori lilipoparamia kibanda chake cha kushonea, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Posho aliitaka, nani asiyeitaka, lakini roho yake ilikuwa kwenye kiti cha magurudumu kinachotolewa pamoja nayo. Alikuwa amechoka kuwekwa. Asubuhi anawekwa barazani, jua likimfuata anapiga kelele asogezwe. Akitaka kwenda chooni, ni lazima kwanza aitishe kikao cha familia.

"Mama mdogo, shika shingo, usishike koo," alisema Winchi, mtoto wa dada yake, mchukuzi wa sokoni mwenye mwili kama kabati la nguo. Akambeba mgongoni, akapanda naye ngazi huku akipiga mluzi.

Sasa, kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, usawa wa magoti, palikuwa na kidirisha chembamba ukutani. Nyuma yake, juu ya kigoda, alikaa Mtathmini na kalamu yake. Hii ndiyo ilikuwa fahari ya Idara. Utafiti wake ulikuwa umegundua kwamba watathmini wakiwaona waombaji usoni wanaingiwa na huruma, na huruma inaharibu takwimu. Kwa hiyo Mtathmini alitakiwa kuona miguu tu. Uso haukumhusu. Kiuno kilikuwa kazi ya idara nyingine.

Winchi akapita. Miguu ya Mama Pindo ilikuwa imening'inia huko juu kiunoni mwa mpwa wake, nje kabisa ya eneo la utafiti. Mtathmini akaandika.

Barua ilifika nyumbani. Winchi akaisoma kwa sauti, akiwa amesimama mlangoni.

"'Hongera! Idara inakupongeza kwa miguu yako miwili, mikubwa, yenye misuli, inayopanda ngazi bila kupumzika. Vidole vina sugu kidogo. Ombi lako limekataliwa.'" Akaitazama miguu yake. "Mama mdogo, hawa wananisema mimi."

"Wanakusema wewe, wananipongeza mimi."

"Na hizo sugu wamezitaja za nini?"

"Lete mgongo," alisema Mama Pindo. "Tunakata rufaa."

Rufaa, kwa mujibu wa kanuni, ilisikilizwa ghorofa ya nne, na mkata rufaa alitakiwa kufika mwenyewe. Walipofika kwenye kidirisha, Mama Pindo akamsimamisha Winchi.

"Wewe wa humo ndani! Inua macho!"

"Siruhusiwi, mama," ilijibu sauti kutoka ukutani, kwa adabu kabisa.

"Hii miguu unayoiona si yangu. Yangu iko huku juu!"

"Mama, miguu iko chini. Hayo ni maumbile, si mimi."

"Baba, nimebebwa!"

"Nasikia. Ila sauti si mguu, siwezi kuiandika. Pita, kuna wengine wanasubiri."

Hapakuwa na mtu.

Juu walimkuta Mheshimiwa Mkurugenzi katika suti mpya. Siku hiyo palikuwa na sherehe ya kupungua kwa ulemavu, na ngazi zote zilikuwa zimesuguliwa kwa nta mpaka zinang'aa kama kioo. Mkurugenzi alisikiliza kwa makini, kiganja shavuni, kama mtu anayepigwa picha.

"Mama yangu," alisema, "kanuni iko wazi, nimeiandika mwenyewe. Miguu inayomfikisha mwombaji ofisini ni miguu ya mwombaji."

"Na mimi natembelea nini?" aliuliza Winchi.

"Wewe hujaleta ombi, kijana. Kiofisi hatujui kama una miguu."

"Mheshimiwa," alisema Mama Pindo, "njoo uvute mguu wangu. Ukinisikia nimesema aa, ninyime."

"Tatizo lenu mnaziogopa hizi ngazi. Ngazi ni fikra! Mimi nazishuka na kuzipanda kila siku, na bado nina pumzi ya kutoa hotuba. Hebu tazameni." Akafunga kifungo cha koti, akatoka mbio kushuka ngazi ili awaonyeshe.

Ikasikika *tap, tap, tap*. Halafu ikasikika nta.

Walimsikia akigonga vitu vingi njiani. Kilichofuata ni sauti ya mtu mzima akimwita mama yake.

"Nenda kamtoe," Mama Pindo alimwambia Winchi. "Ni mtoto wa mtu. Niweke popote."

Winchi akamweka kwenye kiti kilichokuwa karibu, kile cha Mkurugenzi, cha ngozi, chenye vigurudumu chini. Akashuka. Mama Pindo akabaki peke yake katika ofisi kubwa. Akasukuma meza kidogo kwa mkono, kujaribu tu. Kiti kikaenda. Akasukuma tena, kikampeleka mpaka dirishani, akaangalia barabara, magari, muuza maji chini ya mwavuli. Akarudi. Akaenda kwenye kabati, hakuwa na shida yoyote na kabati, akarudi tena. Tangu siku ya lori hakuwa ameenda mahali bila kumwomba mtu. Winchi aliporudi kumchukua, ilibidi amkimbize chumba kizima.

Kabla ya hapo, kule chini, Winchi alikuwa amembeba Mkurugenzi mgongoni, kwa kuwa lifti ilikuwa na majalada. Walipopita kwenye kidirisha Mkurugenzi akapaza sauti: "Mtathmini! Ni mimi! Nimevunjika mguu! Umeona?"

"Naona, mheshimiwa," ilijibu sauti kutoka ukutani. "Miguu safi sana."

Mkurugenzi aliomba fidia ya kuumia kazini pamoja na likizo ya ugonjwa. Jibu likamkuta kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka kwenye paja. Lilianza kwa neno Hongera. Tena Mtathmini, kijana mwangalifu, aliongeza chini yake: "Miguu hii imewahi kuonekana. Kwa mujibu wa kumbukumbu ni mali ya fundi cherehani mmoja wa kike. Mheshimiwa aeleze aliipataje."

Mkurugenzi alimpigia simu Naibu wake, ambaye sasa alikikalia kile kiti cha ngozi na alikuwa ameanza kukizoea.

"Naibu, wewe unanijua. Maliza hili jambo hapo hapo."

"Ningependa sana, mheshimiwa," alisema Naibu, akijizungusha polepole. "Lakini kanuni uliiandika wewe. Mkata rufaa afike mwenyewe. Na mwisho ni leo, kabla saa za kazi hazijaisha."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Mama Pindo, aliporudi na Winchi kwa rufaa ya pili, alimkuta Mkurugenzi ameketi kwenye ngazi ya kwanza kabisa, magongo ubavuni, anazitazama ngazi nyingine. Dereva wake alikuwa amesimama mbali, ameshika kiuno, kwa kuwa ghafla nacho kilianza kumuuma.

"Kijana," Mkurugenzi alimwambia Winchi, sauti tamu kama anaomba kura, "nipandishe mara moja."

Winchi alitaka kuinama. Mama Pindo akamvuta sikio kutoka juu.

"Simama. Mheshimiwa, hii miguu ni ya nani?"

"Ya huyu kijana, si tunamwona?"

"Kwenye kumbukumbu ni yangu. Umeitumia juzi bila ruhusa, nimenyamaza. Leo unaitaka tena?"

"Mama, tusifanye utani, muda unakwisha."

"Sifanyi utani. Kama ni yangu, siazimi. Kama si yangu, andika."

Mkurugenzi akaitazama saa yake. Mhuri alikuwa nao mfukoni. Hakuwahi kuuacha, hata msalani aliingia nao. Winchi akageuka akainama, na barua ikaandikwa juu ya mgongo wake: kwamba miguu inayoonekana dirishani ni ya mchukuzi, si ya mtu yeyote anayebebwa naye. Mhuri ukapigwa, Winchi akasema "aa."

"Haya, mama, sasa niazime."

"Nikuazime nini?" alisema Mama Pindo, akiikunja barua vizuri. "Sina miguu, mheshimiwa. Umesaini sasa hivi."

Mkurugenzi akamgeukia Winchi.

"Kwa kuwa imerudi kwangu," alisema Winchi, akiinyoosha mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyevaa viatu vipya, "nahisi imechoka. Nampandisha mama mdogo, halafu kuna lori la viazi linanisubiri sokoni."

Wakapanda. Ghorofa ya nne Naibu aliisoma barua mara mbili, akitabasamu zaidi mara ya pili, kisha akapitisha ombi. Viti vya magurudumu havikuwa na shida ya kupatikana. Vilijaa stoo ya chini, vipya, makarani wakivitumia kusukumia majalada kwenye lifti. Winchi akamshusha mama yake mdogo mpaka huko. Karani akapakua majalada sakafuni, akapangusa kiti kimoja kwa leso yake, na Mama Pindo akaketi.

"Nikusukume?" aliuliza Winchi.

"Nenda kwenye viazi vyako."

Akazungusha magurudumu mwenyewe. Pale chini ya ngazi akasimama, maana mguu wa plasta ulikuwa umeziba njia.

"Samahani, mheshimiwa. Napita."

Mkurugenzi akauvuta mguu wake kwa mikono miwili. Mama Pindo akapita, akakata kona mlangoni, akaingia barabarani.

Saa za kazi zilipokwisha, Mtathmini aliinuka kwenye kigoda chake, akajinyoosha, na kabla hajafunga kidirisha akalijaza jalada la mwisho la siku kwa mwandiko mzuri:

"Mkurugenzi. Hakujitokeza. Mzima mwenye shughuli nyingine."