Mikate Aliyoikalia Kalina

Jumanne, 6 Februari

Kalina ameikalia mikate sasa hivi. Yote! Kaketi juu yake kama malkia, anacheka na vijino vyake. Ningemkasirikia vipi? Nimembusu kisogoni. Halafu wazo likanijia: watu wa ofisini hupenda mikate iliyobanwa. Basi hii imebanwa na binti yangu mwenyewe!

Mpango ni huu. Nitauza mikate hii yenye mayai katikati katika majumba ya ofisi ya vioo ya Służewiec, hapa Warszawa, ghorofa baada ya ghorofa. Nisipopata pa kuuzia wiki hii, Jumatatu naanza zamu za usiku ghalani, na Kalina anapelekwa mji wa Radom kwa bibi yake. Mama mkwe ameshakuja kumchukua. Anafunga nguo za mtoto. Mimi nazifungua.

Jumatano, 7 Februari

Sikufika hata ngazini. Mlinzi kauliza namtembelea nani. Nikasema Mkurugenzi Kowalski. Jumba gani la Warszawa halina Kowalski? Akasema anao wanne, yupi? Nikasema yule mwenye njaa. Alicheka, lakini mlango hakufungua.

Mara akapita Bwana Zenon na kikapu chake, akafunguliwa bila swali. Yeye ndiye mtu wa mikate humu tangu zamani. Akanicheka: "Mama mtoto, hapa hata njiwa wananijua kwa jina!" Mzee ana maringo huyo!

Alhamisi, 8 Februari

Alhamisi ya Mafuta, ya mwisho kabla ya Kwaresima! Leo nchi nzima inakula maandazi ya jamu, na asiyekula huandamwa na mkosi mwaka mzima. Mtu wa kawaida angekaanga maandazi. Mimi nina akili. Niliwaza: utamu utawakinaisha, watalilia chumvi. Nikasimama mlangoni na Kalina kigarini na mikate yangu ya mayai, peke yangu mji mzima.

Hakuna aliyelia. Msichana mmoja mwenye jamu kidevuni aliniuliza kama naumwa. Zenon alimaliza kuuza maandazi yake mapema, la mwisho akampa Kalina, eti mtoto asirithi mkosi wa mama yake. Nilitaka kukataa. Kalina alikuwa ameshafika kwenye jamu.

Ijumaa, 9 Februari

Nimekaanga maandazi, beseni zima! Jana waliyapenda, leo watayapenda zaidi. Nafika Służewiec, kimya. Taa zimezimwa. Mlinzi akashangaa: "Ijumaa, mama! Ijumaa wote wanafanyia kazi nyumbani, na nguo za kulalia." Akachukua andazi moja kwa huruma. Akalitazama. Akalirudisha.

Nikapanda tramu hadi Żerań, kwenye viwanda. Mashine haibebwi nyumbani! Lakini pale getini watu wa zamu waliliona beseni wakageuza nyuso, matumbo bado yanawauma kwa maandazi ya jana. Ndipo msimamizi wao, Bi Wiesława, akachungulia chini ya kigari cha Kalina, akauliza kile ni nini. Mikate ya jana! Nilikuwa nimeisahau, baridi ikaitunza kuliko friji. Waliila wima, hawakubakiza chembe. Kumbe kantini yao imefungwa tangu Krismasi.

Bi Wiesława akaingia kwa meneja, akatoka na ufunguo. Kibanda cha zamani cha mlinzi pale getini ni changu, niuzie humo! Jumatatu nilete supu chachu yenye soseji, ya moto. Akaninyooshea kidole: "Supu tu, dada. Usituletee maajabu."

Nililia kwenye tramu. Kalina alinipangusa kwa soksi yake.

Jumapili, 11 Februari

Kalina haendi Radom! Mama mkwe amezitoa nguo begini mwenyewe, sasa anachemsha supu huku akiimba.

Ila nimekaa nikawaza. Supu. Kila mtu anategemea supu. Majira yote ya baridi wamekunywa supu makwao hadi inawatoka puani. Kimoyomoyo wanalilia kitu cha baridi! Na Żerań nzima hakuna anayeuza aiskrimu mwezi wa Februari. Nitakuwa peke yangu! Maziwa nimeshanunua. Soseji nimezihamishia chini ya kitanda ili friji ipate nafasi. Mama mkwe asijue mpaka—

Ananiita. Anauliza soseji zake ziko wapi. Nakuja, mama, nakuja! Kalina ameshamshika bibi yake mkono, anamvuta kuelekea kitan—