Benchi la Upande wa Kichwa

Jumatatu, 4 Machi
Ijulikane kwa waliopo na watakaokuja: leo asubuhi benchi langu la uwanjani limepigwa alama nyekundu. Mhandisi wa manispaa kasema uwanja unarudishiwa sura ya zamani, kisichokuwepo zamani king'olewe. Nikamwambia benchi limemtangulia kuzaliwa. Kasema sawa mzee wangu, lete picha. Picha! Mimi, niliyepiga picha mbele ya sanamu la farasi tangu nywele zikiwa nyeusi. Nimelala nacheka.

Jumanne, 5 Machi
Nimepekua masanduku yote. Maharusi, wahitimu, suruali pana kama mapazia. Enzi zile mtu alioga kabla ya kupigwa picha. Farasi yumo kila mahali. Benchi halimo. Ikanichukua muda kuelewa: siku zote lilikuwa nyuma yangu. Na marehemu mke wangu, aliyekaa pale akiwachana wateja nywele, hayumo pia. Nina sura za mji mzima ila yake.

Jumatano, 6 Machi
Kipara, mpiga picha mwenzangu, hupigia upande wa pili wa sanamu, upande wa mkia. Hatusalimiani tangu aniibie bi harusi mmoja na ukoo wake wote. Lakini nyuma ya wateja wake, kati ya miguu ya farasi, benchi lazima lionekane. Kumwomba siwezi. Nimemtuma dada yangu akajifanye anatafuta picha yake ya harusi. Kipara kamuuliza aliolewa lini. Dada kamjibu bado.

Alhamisi, 7 Machi
Kipara kaja mwenyewe na bahasha. Kasema we mtu wa hila, si ungeomba tu, shemeji alikuwa mtu wa watu. Kasema ndiyo picha pekee iliyopona, nyingine zililiwa na unyevu. Jamaa na kofia, mkia, na huko nyuma benchi. Na mke wangu, kitana mdomoni, anamfunga mtoto utepe. Nimemtazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikachukua mkasi, nikakata muhuri wa Kipara pembeni.

Ijumaa, 8 Machi
Mhandisi kauliza nani kapiga. Nikasema mimi. Kauliza, na huyu anayekoroma ubavuni mwa mama ni nani? Sikuwa nimemtazama mtu mwingine pale; kumbe ni mimi. Nikasema pacha wangu. Kaandika.

Jumatatu, 11 Machi
Ushindi. Benchi limebaki, limepakwa vanishi, limezungushiwa mnyororo: marufuku kukaa. Kipara kanikaribisha kwenye kigoda chake. Nimekubali, niwaibe wateja wake kwa karibu. Kauliza picha ya shemeji naiweka wapi. Nikasema pazuri. Kesho nakwenda manispaa na kofia, nijitambulishe kuwa pacha, nidai picha ya familia.

Nimeshaiomba leo kwa sura yangu mwenyewe. Picha imo kwenye faili la mhandisi, na faili halitoi kitu.