Kwa Nini A Hakai Karibu na B

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya mapokezi imetangazwa. Kiti kile cha magurudumu, mlangoni kabisa: kila anayeingia unamwona, na aliyekuja naye. Nimefagia ofisi hii mpaka vumbi linanijua. Kiti ni changu. Tatizo mtihani, maswali ya mantiki. Na mpika chai naye kajiandikisha. Mtu hajui hata nani kaachana na nani!

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu kaniletea swali la mazoezi. Watu watano, benchi moja. A hakai karibu na B. C yuko katikati. Nani yuko mwisho? Nikauliza A na B wamekosana nini. Akasema mama, hiyo haihusu. Haihusu vipi? Watu hawakimbiani bure.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mbinu. Majirani kwenye benchi la uani. Fundi cherehani A, muuza mkaa B, wifi yangu C, wapangaji wawili wakajazia. Nikamwambia fundi asikae karibu na muuza mkaa. Muuza mkaa akauliza kwani yeye ananuka? Nikasema swali ndivyo linavyotaka. Wifi, mdomo hauna pazia, akadakia kwamba fundi anamdharau siku nyingi. Benchi limevunjika mguu. Jibu sijapata, ila sasa najua kwa nini A hakai karibu na B.

Alhamisi, 6 Machi
Mpika chai anachora viduara kwenye karatasi, maskini. Nikamwonea huruma, nikamwambia atafute ugomvi kwanza. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani. Meza ya duara, P hakai karibu na Q, R yuko kati yao. Nikashusha kurasa mbili: R ndiye mchonganishi, anapeleka ya huku kule. Muda ukaisha. Msimamizi akauliza nimefika swali la ngapi. La kwanza, lakini nimelimaliza.

Jumatatu, 10 Machi
Kiti kakalia mpika chai. Anazunguka nacho kama feni. Mimi kaniita bosi, kafunga mlango, karatasi yangu ya mtihani mkononi. Akauliza kwa sauti ya chini nani kaniambia habari zake na mhasibu, na kama ni sekretari. Mimi nilikuwa sijui lolote. Sasa najua, na mpaka saa ya chai na wafagizi wenzangu walikuwa wanajua.

Mtihani unarudiwa mwakani. Nimeshaongea na seremala: benchi jipya, refu zaidi, miguu ya chuma.