Profesa Apimwa Presha

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Jina alipewa na watu wa mtaani kwa sababu ya miwani, na miwani yenyewe ilikuwa ya kuazima. Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda kinachotazamana na chuo cha uuguzi, akawasikia wanafunzi wawili wa meza ya pili wakilia bila machozi.

"Shemeji, safari hii nikifeli narudi kushona nguo," alisema mwanamke mnene ambaye chuoni walimwita Wembe, kwa ukali wa ulimi wake.

"Afadhali wewe una pa kurudi," alijibu mume wa dada yake, aliyesoma naye darasa moja. "Mimi nikifeli tena, dada yako ameapa nitalala sebuleni mpaka kiama."

Profesa akaweka kikombe chini. Kuna watu wakisikia kilio hutoa leso. Yeye alisikia biashara.

"Samahanini, wanangu," alisema akisogeza kiti. "Bado mnasoma? Kusoma ni kwa watu wasio na ndugu. Anayefunga bahasha za maswali ya mtihani ni binamu yangu, tumbo moja la bibi."

Mtu mwaminifu angenyanyuka akaondoka. Wawili hawa walitazamana, kisha Wembe akauliza swali la maana: "Anayo na majibu?"

Mifuko ya wanafunzi ilikuwa mitupu, basi Profesa, kwa huruma zake, akakubali vitu. Shemeji akaleta televisheni, nyumbani akasema ipo kwa fundi. Wembe akaleta friji ndogo. Habari zikavuja, wenzao nao wakapanga foleni, na haikupita wiki Profesa alikuwa analala kwenye godoro la mtu, chini ya feni ya mtu, akisikiliza redio ya mtu.

Maswali na majibu aliyatoa kwenye kitabu chakavu cha marudio, alichokinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Alikaa akayachapa yote kwa kidole kimoja, na hapo ndipo alipoanza kuumwa. Alipochapa maswali ya kisukari, kiu ikamshika. Alipofika kwenye figo, kiuno kikagoma. Kwenye sura ya uzazi alitarajia kupumzika, lakini hata huko alipata kichefuchefu.

Wembe na shemeji yake wakazikariri zile karatasi usiku na mchana.

"Hapa pameandikwa moyo una vyumba vitano," Shemeji alisema. "Mwalimu alisema vinne."

"Cha tano labda ni cha wageni. Wewe kariri."

Siku chache baadaye Wembe alipita kwa yule muuza vitabu, akaona rundo la kitabu kimoja. Alifunua katikati. Maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na moyo wenye vyumba vitano, kosa la mpiga chapa. Alimfuata shemeji yake, wakaenda kwa Profesa na hasira za kung'oa mlango.

Aliyewafungulia alikuwa amevaa sweta juani, macho yameingia ndani.

"Karibuni, wanangu. Semeni polepole, kichwa kinanigonga."

Tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Wembe. Akaitazama friji yake. Akaitazama televisheni, godoro, feni. Kisha akamtazama mgonjwa, na tusi akalimeza. Uso wake ukawa ule uso mtulivu wa nesi, unaotisha kuliko ugonjwa wenyewe.

"Profesa, unaamka usiku kukojoa?"

"Umejuaje?"

"Na kiu?"

"Kiu haikatiki, mwanangu!"

"Shemeji, toa mashine."

Shemeji alikuja kupiga mtu, kwa hiyo alichelewa kuelewa. Alipoelewa, akatoa mashine ya presha mkobani, akafunga mkono wa Profesa, akajaza upepo, akasoma. Alipiga mluzi tu.

"Inasema ngapi?" Profesa aliuliza.

"Mgonjwa mwenye presha haambiwi," Wembe alisema. "Akiambiwa inapanda. Shemeji, nini kingine kinapandisha?"

"Chumvi, hasira na taarifa ya habari."

"Basi televisheni itoke. Na maji ya baridi kwa mtu wa figo?"

"Maadui wa kuzaliwa hao."

Friji ikatoka. Feni ikatoka kwa kuogopwa nimonia, godoro likatoka ili mgongo unyooke. Profesa mwenyewe alishika ncha moja ya godoro. "Angalieni ngazi," aliwaonya, "msije mkaumia kwa ajili yangu." Vyao walirudisha nyumbani. Vya wenzao waligawana kwa haki kabisa, nusu kwa nusu.

Walidhani wamemaliza. Kumbe mgonjwa amenogewa. Kila siku aliwasubiri kwenye lango la chuo, kifungo cha shati wazi. "Na ini hamjapima. Halafu hii miguu kuvimba, ni moyo au ni figo?" Kitabu kizima alikichapa yeye, kwa hiyo hakudanganyika kirahisi. Wakiogopa asije akashtukia hila yao, ikawabidi wakafungue vitabu vya kweli ili wapate la kumjibu. Walimpima mapigo, wakamsikiliza mapafu, wakambonyeza tumbo, huku wakimlaani kimoyomoyo.

Matokeo yalipobandikwa, hao wawili walifaulu. Wale wengine, wenye moyo wa vyumba vitano, walianguka wote kama maembe mabovu. Wakaenda kwa Profesa kwa pamoja.

"Vitu vyetu viko wapi?" aliuliza wa mbele, bonge la mtu. "Na kwa nini Wembe na shemeji yake wamefaulu?"

"Wao walikuwa wananipima mimi," Profesa alisema, na neno lilipomtoka, likamrudia masikioni. Alitazama chumba kitupu. Akajishika kifundo cha mkono: mapigo yalikuwa safi, kama ya kijana. Alikuwa mzima wa afya, na hana hata stuli.

Ulimi ukamrudia upesi, maana ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho. "Wanangu, hasira za nini? Mtihani wa marudio upo. Nami nipo. Nipimeni presha bure, kama wenzenu."

Bonge la mtu likafunga mlango kwa komeo, likaanza kufungua mkoba wake taratibu.

"Presha tunaiweza, Profesa," alisema. "Sisi kilichotuangusha zaidi ni kuchoma sindano. Geuka."