Chini ya Mia na Arobaini

Jumatatu, 5 Januari 2026
Nimeposa! Jibu limekuja saa tano asubuhi: Bi Shemsa ananikubali, ila kwa sharti. Presha yangu iwe chini ya mia na arobaini. Marehemu mumewe aliondoka na presha. Anasema: nshakaa eda mara moja, miezi minne na siku kumi, sikai tena kwa mwanamme mpenda achari. Binti yake Ummy, muuguzi, akanipima papo hapo. 168 kwa 98. Napimwa tena tarehe 24. Jirani yangu Gharib, mnunuzi wa mwani wa Paje, naye kamposa Bi Shemsa huyo huyo. Yake 121. Anaitaja kama cheo.

Jumatano, 7 Januari
Nimemchimba Ummy. Kumbe kwenye mishipa ya shingo mna neva zinazohisi damu inavyosukuma. Ikizidi, hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huuamuru moyo upunguze mwendo. Wambea, basi! Na mmbea hulishwa habari. Nikajibinya shingo, kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, hapa Michenzani. Habari ilifika. Nikazimia. Nimezinduka Gharib ananipepea kwa gazeti langu mwenyewe. Fedheha! Ummy akaja juu: ami, ukifa sasa mama hakai eda, lakini hiyo si njia.

Jumapili, 11 Januari
Hesabu mpya. Maji kidogo, damu kidogo, presha kidogo. Siku mbili kwa vikombe vinne vya kahawa tu. Matokeo: 166. Ummy kacheka mpaka kashika ukuta. Anasema figo zilihisi ukame, zikaamsha homoni. Mishipa ikabana, chumvi na maji vikazuiwa visitoke. Figo zako zina akili kukushinda, ami. Mwili wangu wote uko upande wa Gharib.

Jumatatu, 12 Januari
Bi Shemsa kaja na bintiye, wamenipeleka kliniki. Daktari katoa vidonge vya kuizuia homoni ile isibane mishipa. Kila asubuhi Ummy atasimama mlangoni mpaka nimeze. Chupa mbili za achari zimechukuliwa. Ya tatu wameikuta ndani ya buti la mvua. Jioni nitembee mpaka Mtoni na kurudi. Hila zimeniishia.

Jumatatu, 19 Januari
Hakuna la kuandika. Nalala vizuri ajabu. Wali bila chumvi una ladha ya wali.

Jumamosi, 24 Januari
134 kwa 84! Ummy kapima mara mbili, hakuniamini. Gharib kaja na 119 yake, hakuna aliyemuuliza. Bi Shemsa kamwambia presha yako haina kasoro, Bwana Gharib, lakini ukianza habari za mwani inapanda yangu. Ndoa Ijumaa ijayo, inshallah. Sharti limeongezwa: nipimwe kila Ijumaa, maisha yangu yote. Nikaapa mbele ya wote kuwa hila basi.

Jumatatu, 26 Januari
Raha tupu. Asubuhi Ummy, katika mazungumzo tu, kasema mkanda wa kipimo ukiwa mpana kuliko mkono, mashine husoma chini. Saa nane nilikuwa Darajani. Nimemnunulia Bi Shemsa zawadi ya harusi: mashine mpya ya presha ya kunipimia kila Ijumaa, mkanda wa mtu mnene mara mbili yangu. Nimeifunga kwa karatasi ya maua.