Mume Wangu Kujitangaza Nyambizi

Iperó, São Paulo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wakaguzi wa Nyuklia, Vienna,

Salamu sana, na poleni na kazi ya kuchungulia vinu vya watu. Mimi ni Ivonete Camargo, mke wa Adalberto, fundi umeme mstaafu wa kituo ambako jeshi letu la majini linaunda injini ya nyuklia ya nyambizi. Adalberto ana kisukari. Daktari Yassuda ameonya kwamba asipoacha vitamu atakatwa mguu, na mguu ule naupenda, ndio aliochezea dansi nami tulipojuana. Tukawekeana mkataba: sukari marufuku, na kabati nakagua mimi. Sasa sikilizeni vituko.

1. Nimekuta goiabada, ile jamu ngumu ya mapera, kipande kama tofali. Akanijibu bila haya, "Bibie, mkataba wa nyuklia unakataza bomu, haukatazi injini. Hii si ya kula, ni ya kuniendesha." Anadai hata kwenu urani, yale madini ya nyuklia, ikishaitwa mafuta ya nyambizi, yaweza kutolewa kwenye ukaguzi wa kawaida. Kama ni kweli, aliyeandika sheria hiyo hakuwahi kuwa na mume.

2. Nikamwomba basi atumie hafifu, yaani juisi ya mapera yenye maji mengi. Akasema, "Thubutu! Hafifu inaisha upesi, nitarudi bandarini kila saa. Kali unajaza mara moja, unazama miaka thelathini." Mheshimiwa, urani kali si ndiyo hiyo hiyo ya bomu?

3. Kabati amelifunika pazia, eti siri za kiufundi. Ameniruhusu kupima kinachoingia na kinachotoka tu. Kinachotoka sitaki kukipima.

4. Jirani yetu Gumercindo, mgonjwa wa presha, naye amejitangaza nyambizi. Yeye anaendeshwa na mafuta ya nguruwe. Padri anafikiria divai. Bahari iko mbali nasi, lakini nyambizi zinakaribia tatu.

Naomba mkaguzi aje bila taarifa, baada ya chakula cha mchana, ndipo Adalberto huzama.

Nisalimieni wote hapo ofisini, na wafagizi msiwasahau.

Wenu mwenye uchungu,
Ivonete Camargo

N.B. Mkaguzi asiulize goiabada inatoka wapi. Naipika mimi. Nilipogoma, Adalberto alikwenda kwa Neide wa pale kona, na ya Neide ni kali zaidi, tena hadai mkataba wowote. Bora ale yangu, nikimwona. Mguu bado naulilia, lakini sufuria iko motoni, naishia hapa isije ikaungua.